Dadu imetoa 6 mara 15 katika mirusho 60: dadu ndiyo mbovu, au 1/6 tunaifundisha vibaya?

MwalimuPasua (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa walimu wa hesabu na yeyote anayeijua takwimu.

Kidato cha nne tuko kwenye uwezekano. Ubaoni hakuna shida: dadu ina pande sita, kila upande una nafasi 1/6, ukirusha mara 60 tegemea kila namba mara 10. Shida inaanza dadu inaporushwa kweli. Kundi moja limerusha mara 60 na kupata hivi:

1 – mara 8
2 – mara 13
3 – mara 6
4 – mara 11
5 – mara 7
6 – mara 15

Darasa limegawanyika. Wapo wanaosema dadu ni mbovu (ni zile ndogo za plastiki za ludo, zinazouzwa pale Mbuyuni). Wapo wanaosema kanuni ya kitabuni haifanyi kazi nje ya kitabu. Na yupo mmoja anayeshikilia kwamba wakiendelea kurusha, 6 itatoka mara chache ili "ilipe deni" na namba zote zikae sawa.

Naomba kujua: 15 badala ya 10 inatosha kuilaumu dadu? Nirushishe mara ngapi ndipo jibu liaminike? Na la tatu, nataka seremala anichongee dadu za mbao, moja kwa kila jozi. Wanafunzi ni 54, kwa hiyo jozi 27, na nina kipindi pacha cha dakika 80. Nimwelekeze nini seremala?

TakwimuNjiro (Arusha)

Mwalimu, kwa namba hizo dadu yako haina kesi ya kujibu.

Uwezekano wa kinadharia haujaahidi 10. Unasema wastani ni 10, kisha unasema pia namba halisi itapotoka kiasi gani kuzunguka hiyo 10. Hilo la pili ndilo linalorukwa ubaoni, na ndilo linalozaa ubishi wote huu. Kipimo cha kupotoka (mkengeuko sanifu) ni kipeuo cha pili cha n × 1/6 × 5/6, n ikiwa idadi ya mirusho. Kwa mirusho 60 ni kipeuo cha pili cha 8.33, yaani karibu 2.9. Mara nyingi, takriban mara 95 katika 100, idadi ya namba moja itakuwa ndani ya vipimo viwili: kuanzia 4 hivi hadi 16 hivi. Kumi na tano yako imo ndani.

Lakini kuna mtego hapo. Hamkuichagua 6 kabla ya kurusha. Mliiona imezidi ndipo mkaitolea macho. Upande mmoja uliouteua mapema una nafasi kama 12 katika 100 ya kupotoka kwa 5 au zaidi ndani ya mirusho 60. Pande ziko sita, na makundi yako 27. Kundi lenye upande mmoja uliopotoka hivyo utalipata kila wiki, hata kwa dadu safi kabisa.

Ndiyo maana tunazipima pande zote sita kwa pamoja, kwa kipimo cha kai-mraba. Wanafunzi wa kidato cha nne wanakiweza, maana ni kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Kila upande, chukua idadi iliyopatikana, toa iliyotegemewa, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa iliyotegemewa. Jumlisha sita zote:

(4 + 9 + 16 + 1 + 9 + 25) ÷ 10 = 6.4

Kwa dadu ya pande sita mpaka ni 11.07. Dadu safi huuvuka mpaka huo mara 5 tu katika 100. Ukitaka kuwa mkali zaidi tumia 15.09, ambao dadu safi huuvuka mara 1 katika 100. Sita nukta nne iko mbali na yote miwili. Angalizo moja: idadi inayotegemewa kwa kila upande isiwe chini ya 5, kwa hiyo usikitumie kipimo hiki kwa mirusho chini ya 30.

Na kwa kuwa una makundi 27, jiandae: hata dadu zote zikiwa safi, kundi moja au mawili yatavuka 11.07 kwa bahati tu, kwa sababu 27 × 0.05 ni 1.35. Wasizitupe dadu hizo. Wazitenge, wazirushe upya.

Sasa la deni, na hapa naomba ukae na yule kijana kwa utulivu, maana kosa lake wanalo watu wazima wengi. Dadu haina kumbukumbu. 6 ikishatoka mara 15, mrusho wa 61 bado una 1/6. Ziada ya 5 hailipwi, inamezwa. Tazama:

Mirusho 60: unategemea 10, kipimo cha kupotoka 2.9, ambacho kwa uwiano ni 0.048
Mirusho 600: unategemea 100, kipimo 9.1, kwa uwiano 0.015
Mirusho 6,000: unategemea 1,000, kipimo 28.9, kwa uwiano 0.005

Soma namba za kipimo (2.9, 9.1, 28.9) kwa makini. Kadiri unavyorusha, tofauti ya *idadi* inakua. Kinachopungua ni tofauti ya *uwiano*, kwa sababu mirusho inaongezeka kwa kasi kuliko tofauti. Jacob Bernoulli aliithibitisha kanuni hii, na kazi yake ilichapwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Hakusema idadi zitalingana. Alisema uwiano utasogea karibu na ule wa kinadharia, na mwalimu anayesema "mwishoni zitakuwa sawa" anafundisha kitu kingine.

Kuhusu idadi ya mirusho, inategemea unatafuta ubovu mkubwa kiasi gani. Dadu ambayo 6 yake ina nafasi 0.21 badala ya 0.167 itaanza kujionyesha kwenye mirusho 300 hivi. Ikiwa ni 0.18, unahitaji kama 3,000. Ukitaka kosa liwe nusu, mirusho iwe mara nne.

SimuTu_Sakina

Kwa nini kujitesa na seremala? Fungua Excel kwenye simu, andika =RANDBETWEEN(1,6), vuta hadi safu ya 6,000, umemaliza. Darasa zima linaona uwiano ukisogea 0.167 ndani ya dakika tano.

TakwimuNjiro (Arusha)

Mkuu, ni zana nzuri ya kuonyesha jinsi uwiano unavyotulia, na Mwalimu aitumie mwishoni mwa kipindi. Ila haiwezi kusimama badala ya jaribio. Programu hiyo tayari imeambiwa kila namba ipewe nafasi 1/6. Ukiirusha mara 6,000 unaipima programu, na dadu iliyo mezani bado hujaigusa. Swali la wanafunzi ni kama *kipande hiki* kina 1/6. Kwa hilo lazima kipande chenyewe kirushwe.

FundiUngaLtd (Arusha)

Nijibu upande wa mbao, mwalimu.

Usikubali paini, ingawa ndiyo rahisi kupatikana huku kwetu kwa sababu ya mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Meru. Paini ina mistari migumu na laini inayopishana, kwa hiyo upande mmoja wa dadu unaweza kubeba mistari migumu mingi na kuwa mzito. Mninga umekaa sawasawa zaidi. Kipande kisiwe na fundo, na kiwe kimekauka.

Ukubwa wa milimita 20 unatosha, mkono wa mwanafunzi unaukamata vizuri. Mwambie apige randa kijiti kimoja kirefu mpaka kiwe 20 kwa 20 pande zote, ndipo akate vipande. Kila kipande kinakula milimita 20 na msumeno unakula kama 2, kwa hiyo kijiti cha sentimita 70 kinatoa dadu 30 na kinabaki kipande cha kushikia. Tatu za ziada utazihitaji.

Kosa linaingia kwenye kukata. Upana na kimo vimetoka kwenye randa, vinalingana. Urefu unatoka kwenye msumeno, na hapo ndipo utakuta 19.4 au 20.7. Atumie kizuizi kwenye meza ya msumeno ili kila kipande kisimame palepale, wala asipime kwa penseli kimoja kimoja. Halafu pima kwa kalipa njia zote tatu. Tofauti ikizidi milimita 0.2 kipande kirudi kwenye msasa. Rula ya shule haioni tofauti hiyo.

Sababu ni hii: mchemraba uliopungua kimo hulalia zile pande mbili pana kwa urahisi zaidi. Pande hizo zinatazamana, kwa hiyo namba *zote mbili* zinazidi. Masika nayo ina mchango, mbao huvimba kukata nyuzi kuliko kufuata nyuzi, na mchemraba wa Februari unaweza usiwe mchemraba kamili mwezi Aprili. Zipake vanishi pande zote mara tu zinapokamilika, na uzipime upya kabla ya kuzitumia.

La mwisho, na ndilo linaloharibu dadu nyingi za kuchonga: asitoboe nukta kwa kekee. Upande wa 6 ukitobolewa mashimo sita na wa 1 shimo moja, na hizo mbili zinatazamana (pande zinazotazamana hujumlishwa kuwa 7), uzito unahamia upande wa 1. Dadu inalalia 1, na 6 inatokea juu. Andika nukta kwa kalamu ya wino usiofutika. Kingo zipitishwe msasa kidogo tu, kwa idadi ileile ya misuguo kila ukingo.

TakwimuNjiro (Arusha)

Alichosema Fundi kuhusu mashimo kina ushahidi wa zamani. Mwaka 1894 Mwingereza W. F. R. Weldon alikuwa na matokeo ya dadu 12 zilizorushwa kwa pamoja mara 26,306, yaani matokeo 315,672. Akahesabu ngapi ni 5 au 6. Nadharia inasema theluthi moja, 105,224. Zilipatikana 106,602. Uwiano ni 0.3377 badala ya 0.3333, tofauti ndogo ambayo kwa mirusho 60 usingeiota kamwe, lakini kwa wingi ule ni zaidi ya vipimo vitano vya kupotoka. Karl Pearson alizitumia namba hizo mwaka 1900 alipotoa kipimo hichohicho cha kai-mraba. Maelezo ya kawaida ni mashimo: 5 na 6 ndizo pande zenye mashimo mengi.

MwlMarangu

Naongeza upande wa darasani, kwa sababu jaribio likiharibika huko juu, hesabu ya kai-mraba haiokoi kitu.

Dadu isirushwe kwa vidole. Mwanafunzi akiishika 6 ikiwa juu na kuiachia kutoka sentimita 5, inateleza na kutua vilevile. Weka kikombe, tikisa, mwaga kwenye trei yenye ukingo. Chini ya trei tandika kitenge tabaka moja kupunguza kelele. Tabaka nne ni nyingi mno, dadu inazama na kusimama kabla haijageuka vya kutosha.

Sheria za mrusho usiohesabiwa ziandikwe *kabla* ya kuanza: dadu iliyotoka nje ya trei hairuhusiwi, iliyoegama ukingoni hairuhusiwi. Mkisubiri mpaka itokee, watarudia mirusho wasiyoipenda na kuiacha wanayoipenda. Mmoja arushe, mwingine aandike, na aandike namba kwa *mfuatano* ilivyotoka. Vijiti vya kuhesabia vijazwe baadaye kutoka kwenye mfuatano huo.

Mfuatano una faida nyingine: unafichua matokeo ya kubuni. Anayebuni huogopa kurudia namba. Kwa dadu halisi, katika mirusho 60 kuna jozi 59 za mirusho inayofuatana, na sehemu 1/6 ya hizo, karibu 10, zitakuwa namba ileile mara mbili. Ukikuta karatasi yenye marudio 2 au 3 tu, waombe warushe upya mbele yako. Vilevile ukiletewa 10, 10, 10, 10, 10, 10. Dadu safi hutoa hivyo takriban mara 1 katika 13,400. Namna unavyosahihisha ina uzito hapa: ukimpa alama nyingi aliyekaribia 10, umewafundisha kubuni. Alama ziende kwa mfuatano kamili na hesabu sahihi.

Kwa dakika 80, kila jozi mirusho 100 inawezekana, ni kama dakika 15 hadi 20. Jumla 2,700, kila namba unategemea 450 na kipimo cha kupotoka karibu 19. Chora grafu ya uwiano wa 6 baada ya mirusho 10, 20, 50, 100, kisha jozi 5, 10, 27. Mstari unatikisika sana mwanzoni, halafu unatulia. Ila zipe dadu namba kwa penseli na utunze karatasi ya kila dadu peke yake. Ukizichanganya zote 27, dadu moja mbovu inafichwa na 26 nzima.

Dadu mbili ziache kipindi kinachofuata, na uwape rangi mbili tofauti, nyekundu na nyeupe. Bila rangi wataona majumlisho 11, kuanzia 2 hadi 12, wakasema kila moja ni 1/11. Kwa rangi wanaona wenyewe kwamba nyekundu 3 na nyeupe 4 si sawa na nyekundu 4 na nyeupe 3, matokeo ni 36, na 7 inapatikana kwa njia 6. Katika mirusho 360 wategemee 7 mara 60 na 2 mara 10. Tofauti hiyo ni kubwa, haihitaji darubini.

Na tafadhali usimalize mada bila vizibo vya soda. Kizibo kikitupwa kinatua meno juu au meno chini, na hakuna ulinganifu wa umbo wa kukuambia ni nusu kwa nusu. Nadharia haina jibu la kukupa hapo, uwezekano wa majaribio ndio pekee ulio nao. Mitupo 400 inakupa uwiano ambao kosa lake kwa kawaida halizidi 0.05. Wanafunzi wakishaona kitu kisicho na 1/6 ya kuandika ubaoni, wanaelewa 1/6 ya dadu ilitoka wapi: ilitoka kwenye kudhani pande zote zinafanana.

MwalimuPasua (Moshi)

Wakuu, asanteni sana. Narudi na matokeo. Seremala alikuwa ameshatoboa nukta kwa kekee kabla sijamfikishia maelekezo ya Fundi. Mbao ni mninga. Darasani dadu namba 14 ilionekana kuzidisha 6, tukaitenga, tukairusha upya mara 600 kwa kikombe na trei:

1 – 74
2 – 103
3 – 98
4 – 109
5 – 88
6 – 128

Nimepata 16.98. Naomba mnihakikie kabla sijawaambia wanafunzi.

TakwimuNjiro (Arusha)

Hesabu ni sahihi: 676 + 9 + 4 + 81 + 144 + 784 ni 1,698, gawanya kwa 100. Umevuka 15.09, na umefanya vizuri kutumia mirusho mipya tu. Ungejumlisha na ile ya darasani iliyokufanya uishuku, ungekuwa umeipendelea 6 tangu mwanzo, maana katika dadu 27 lazima iwepo moja iliyotia fora. Hii naikubali kuwa mbovu.

Waonyeshe na hili: chukua uwiano uleule kwa mirusho 60 tu, kai-mraba inakuwa 1.7 na hakuna ambaye angeishuku. Dadu ni ileile.

FundiUngaLtd (Arusha)

Namba zenyewe zinakuambia ugonjwa. 6 imezidi na 1, inayotazamana nayo, imepungua. Ingekuwa kimo kimekatwa vibaya, 1 na 6 zingezidi pamoja. Huo ni uzito, ni yale mashimo. Pima kwa kalipa kuhakikisha, kisha changanya gundi ya mbao na unga wa mninga uleule, jaza mashimo yote 21 mpaka juu, acha usiku mzima, piga msasa, andika nukta kwa kalamu. Gundi hunywea ikikauka, kwa hiyo utajaza mara ya pili. Ukimaliza rusha 600 nyingine kwenye karatasi mpya, na zile dadu 26 nazo zijazwe hivyohivyo, maana zimetobolewa na kekee ileile.

MwalimuPasua (Moshi)

Nimepima: 20.0, 20.1, 20.1. Kwa hiyo ni mashimo. Jozi tatu zinabaki kesho jioni kujaza, na karatasi ya mirusho 600 ya namba 14 nimeibandika ukutani, ya pili itakaa pembeni yake.